Wageni Watatu Mbele ya Mchoraji

Watu wetu ni wasikilizaji wazuri wa tarehe, lakini ni watazamaji wenye haraka. Mtu atakaa saa nzima barazani akimsikiliza mzee akihadithia nasaba, na kila jina atalishika. Mtu huyo huyo akiingia katika jumba la makumbusho hupita mbele ya picha kama apitaye mbele ya duka lililofungwa. Husoma kibandiko cha ukutani, hutoa simu, huipiga picha ile picha, kisha huenda zake. Jioni jamaa wote wa Muscat, Dubai na London wameshaletewa, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeitazama, pamoja na yule aliyesimama mbele yake.

Makala haya ni juu ya kutazama. Tumechagua picha tatu za rangi ya mafuta ambazo familia yoyote inaweza kuzifuatilia kwa ziara na kwa kitabu. Mbili ziko Uingereza na moja iko Marekani, nchi ambazo wasomaji wengi wa jarida hili wanaishi au wana watoto wanaosoma huko. Zote tatu ni sura za Waislamu waliofika ugenini kwa sababu mbalimbali, wakajikuta mbele ya mchoraji asiyekuwa wa dini yao wala wa lugha yao. Ya kwanza ni ya mwaka 1600, ya pili ya 1733, ya tatu ya 1840. Hiyo ya tatu ni yetu hasa, kwani mwenyewe alitumwa na Sayyid Said bin Sultan.

Hoja yetu ni hii: picha ya mtu ni hati, kama barua au mkataba, na raha ya kuitazama huanza pale tunapoihoji kama tunavyoihoji hati. Nani aliyeiagiza? Nani alikusudiwa aione? Aliyechorwa alikuwa na kauli gani? Na nani walikuwapo siku zile ambao hawakutiwa ndani ya fremu? Asiyeuliza hivyo hubaki na pambo la ukutani, na pambo, hata likiwa zuri kiasi gani, halimfundishi mtu tarehe yake.

Mjumbe wa Morocco, 1600

Mwezi wa Agosti 1600 ujumbe kutoka kwa Sultani wa Morocco, Mulay Ahmad al-Mansur, ulifika Uingereza kuonana na Malkia Elizabeth wa Kwanza. Nchi mbili hizo zilikuwa na adui mmoja, Mhispania, na wajumbe walikuja kuzungumzia namna ya kushirikiana dhidi yake. Mkuu wao alikuwa Abdulwahid bin Masoud, katibu wa Sultani. Walikaa kiasi cha miezi sita. Katika muda huo mchoraji ambaye jina lake halikuhifadhiwa alimchora mjumbe huyu juu ya ubao. Picha hiyo ni mali ya Chuo Kikuu cha Birmingham, na kwa miaka mingi imekuwa ikiwekwa katika Shakespeare Institute, mjini Stratford-upon-Avon.

Tuitazame. Kilemba ni cheupe, joho ni jeusi, upanga uko ubavuni. Uso ni wa mtu aliyezoea kungojewa, wala si wa mwombaji. Kandoni mwa kichwa yapo maandishi ya Kilatini yanayotaja mwaka, umri wake wa miaka 42, jina lake, na cheo chake cha mjumbe wa mfalme wa "Barbaria" katika Uingereza. Jina limeandikwa "Abdulguahid". Msomaji anayejua Kiarabu ataisimamia tahajia hiyo. Mahali petu pa "wa" pamewekwa "gua", na hiyo ni kawaida ya Kihispania, ile ile iliyougeuza "wadi" wa Andalusia ukawa "Guadi" katika majina ya mito. Kwa herufi tatu tu picha inatueleza kwamba jina la Mwarabu huyu lilipita katika kinywa au kalamu iliyozoea Kihispania kabla ya kufika katika brashi. Adui aliyekuwa akizungumzwa ndiye aliyekopesha tahajia. Jambo kama hili hulipati kwa kupita mbio.

Hapa tuna lawama, nayo ni juu ya vitabu na maelezo mengi yanayoiandama picha hii. Mara kwa mara mjumbe huyu hutajwa kama mtu aliyempa Shakespeare wazo la kumwandika Othello, kwa kuwa tamthilia ile ilitungwa miaka michache tu baada ya ujumbe kuondoka. Huenda mwandishi alimwona, huenda hakumwona. Hati ya kuwaunganisha haipo. Lakini tazama matokeo yake. Mtu aliyekuwa na jina, umri, cheo na shughuli ya dola mbili, aliyekuja kupanga vita na biashara, anageuzwa kivuli cha mtu wa hadithi. Anaingizwa chumbani kwa ajili ya Othello na anatolewa pamoja naye. Bernard Harris alipoandika juu ya picha hii mwaka 1958 aliiingiza katika elimu ya Shakespeare, na faida yake ilikuwa kubwa, kwani aliifanya ijulikane. Jerry Brotton, katika kitabu chake This Orient Isle cha 2016, amerudisha zaidi upande wa siasa na biashara, na ndicho tunachowashauri vijana waanze nacho. Hata hivyo, itazameni picha kwanza. Ubaoni hakuna Othello. Yuko katibu wa Sultani, na hilo latosha.

Ayub bin Suleiman, 1733

Picha ya pili iko London, katika National Portrait Gallery, na katika tatu hizi ndiyo tunayoipa daraja la juu.

Aliyechorwa ni Ayuba Suleiman Diallo, ambaye Waingereza walimwita Job ben Solomon. Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 18 katika nchi ya Bundu, ambayo leo imo katika Senegal, katika nyumba ya wanazuoni wa Kifulani. Kisa chake ni kizito na kinafaa kusimuliwa bila kukatwa. Baba yake alimtuma kwenye mto Gambia kuuza watumwa wawili na kununua karatasi na mahitaji mengine. Hakuafikiana bei na nahodha wa Kiingereza aliyekuwapo, akavuka mto akawauza kwingine. Katika kurudi alitekwa yeye mwenyewe, akanyolewa kichwa na ndevu ili aonekane mateka wa vita, akauzwa kwa nahodha yule yule. Akavushwa bahari hadi Maryland, akatiwa kazini katika shamba la tumbaku. Aliyetoka nyumbani muuzaji alifika ng'ambo bidhaa.

Kilichomwokoa ni kalamu. Aliandika barua ya Kiarabu kwa baba yake. Barua haikufika Bundu. Ilifika London, ikamwangukia James Oglethorpe wa kampuni ya Kiingereza ya biashara ya Afrika, ikapelekwa Oxford kufasiriwa. Mambo yakaongozana mpaka Ayub akaletwa Uingereza mwaka 1733 pamoja na Thomas Bluett, Mwingereza aliyekutana naye Maryland. Watu wakachanga fedha za uhuru wake. Akafahamiana na wakubwa, akapelekwa kwa familia ya mfalme, akamsaidia Hans Sloane kufasiri maandishi ya Kiarabu, na akaandika nakala tatu za Kurani kwa hifadhi ya kichwa. Mwaka 1734 alirudi kwao.

Mchoraji alikuwa William Hoare. Na hapa tunayo bahati ambayo watazamaji wa picha hupata mara chache: tunajua yaliyosemwa chumbani. Bluett aliyaandika katika kitabu chake kidogo kilichochapwa London mwaka 1734. Ayub hakutaka kuchorwa. Alichukia picha kwa sababu ya dini, akihofia ibada ya sanamu. Wakamhakikishia kwamba wao hawaabudu picha, na kwamba wanachotaka ni kumbukumbu yake tu atakapokuwa ameondoka. Akakubali kwa shida. Uso ulipokwisha, mchoraji akauliza avalishwe nguo gani. Akasema, nguo za kwetu. Wakamjibu kuwa hawawezi kuchora nguo wasizopata kuziona, wala kusimuliwa na mtu aliyeziona. Akawauliza: ikiwa hamwezi kuchora nguo msiyoiona, mbona wako wachoraji wenu wanaothubutu kumchora Mungu, ambaye hakuna aliyepata kumwona?

Sasa rudi ukutani. Amevaa vazi jeupe na kilemba, yaani nguo alizozitaka. Ndevu walizomnyoa watekaji zimerudi. Kitabu kilichojaladiwa kinaning'inia kifuani kwake. Nyuma yake hapana nguzo wala pazia la fahari kama walivyozoea kuwekewa wakubwa wa zama zile. Hapana pia mnyororo, wala ishara yoyote ya kuomba huruma. Uso umegeuka kidogo, macho yanamfuata mtazamaji bila kumsihi. Kwa ufundi tu Hoare amefanya kazi safi, hasa katika mwanga unaopita juu ya kitambaa cheupe na kuishia katika ngozi nyeusi bila kuitia matope, jambo lililowashinda wachoraji wengi wa Ulaya. Lakini ubora mkubwa wa picha hii umetokana na yule aliyekuwa akichorwa. Aliishinda hoja ya nguo, na ushindi wake unaonekana hadi leo. Picha ina wenyewe wawili.

Imeelezwa mara nyingi kwamba hii ndiyo picha ya kwanza ya Kiingereza iliyomheshimu Mwafrika kwa jina lake kama mtu sawa na wengine. Sisi hatuwi wepesi wa neno "ya kwanza". Abdulwahid wa 1600 alikuwa Mwafrika wa kaskazini, alikuwa na jina, na alipakwa rangi kwa heshima zote za ubalozi. Tofauti iliyopo ni kwamba yule aliheshimiwa kwa cheo alichokuja nacho, na huyu aliheshimiwa baada ya kuvuliwa kila kitu. Tofauti hiyo ina thamani kuliko kushindania nafasi ya kwanza, na mtazamaji anaiona mwenyewe akizipanga picha mbili hizo kichwani.

Kuna jambo jingine la kuwafurahisha wasomaji wetu wa Ghuba. Mwaka 2009 picha hii iliuzwa mnadani London, na ikanunuliwa na Mamlaka ya Makumbusho ya Qatar. Serikali ya Uingereza iliizuia kwa muda isitoke nchini, wenyeji wakahangaika kutafuta fedha za kuibakisha, na mwisho wenye mali wakakubali iwekwe kwa mkopo katika National Portrait Gallery. Basi sura ya hafidhi wa Kurani kutoka Bundu, iliyochorwa na Mwingereza, ni mali ya Waarabu na hutazamwa London. Mwenyewe aliyeogopa asije akaabudiwa angeona ajabu.

Ahmad bin Naaman, 1840

Picha ya tatu wengi wetu tunaijua bila kuijua. Imechapwa katika vitabu, kalenda na kumbukumbu za urafiki wa Oman na Marekani mara zisizohesabika. Ni sura ya Ahmad bin Naaman Al Kaabi, katibu wa Sayyid Said, aliyefika New York na meli Sultana tarehe 30 Aprili 1840. Mkataba wa urafiki na biashara baina ya Sayyid na Marekani ulikuwa umetiwa saini mwaka 1833, na tangu 1837 balozi mdogo wa Kimarekani, Richard Waters, alikuwa akikaa Unguja. Meli ilibeba meno ya tembo, karafuu, sandarusi, ngozi, tende, kahawa na mazulia. Ilibeba pia zawadi kwa Rais Martin Van Buren, pamoja na farasi wawili wa Kiarabu. Katiba haikumruhusu Rais kuzipokea kwa nafsi yake, likawa jambo la mjadala katika Baraza la Congress, na baadhi ya zawadi ziliuzwa fedha zikaingia hazina. Serikali iliitengeneza Sultana katika karakana yake ya Brooklyn kwa gharama yake, na mwezi wa Agosti meli ikarudi.

Wakati wa ugeni huo Baraza la Mji wa New York lilimwagiza Edward Mooney, mchoraji wa sura aliyekuwa bado hajatimiza miaka 30, amchore mgeni. Picha inayojulikana zaidi iko Salem, Massachusetts, katika Peabody Essex Museum. Ni mtu wa makamo, mwenye kilemba, ndevu nyeusi na joho, mtulivu, anayestahiki kupendwa. Mooney ameushughulikia uso kwa uangalifu na kitambaa kwa bidii. Ni picha nzuri.

Hata hivyo tukiihoji kama tulivyozihoji zile mbili, majibu yake ni machache. Walioiagiza walikuwa wenyeji wa mji uliotaka biashara, nao walitaka ukumbusho wa mgeni mtukufu. Walipata walichotaka. Ahmad alikuwa na kauli gani mbele ya Mooney? Je, naye alisitasita kama Ayub? Picha haisemi. Inatuonesha heshima, na heshima ni pazia pia. Kwa sababu hiyo tunaiweka chini ya ile ya Hoare, ingawa moyo wetu uko kwake. Mapenzi ya jamaa na insafu ya mtazamaji ni vitu viwili.

Mwenye kutaka kuisikiliza picha hii hana budi kutoka nje ya fremu. Aanze na kitabu. Hermann Eilts, mwanadiplomasia wa Kimarekani, alichapisha huko huko Salem mwaka 1962 utafiti mrefu juu ya safari ya Sultana, na hadi leo hakuna bora kuliko huo. Kisha aitazame Salem yenyewe. Makumbusho yale chimbuko lake ni jumuiya ya manahodha na wafanyabiashara wa bahari iliyoanzishwa mwaka 1799, ya watu waliopata kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn. Watu wa mji ule ndio waliokuwa wakija Unguja kuchukua pembe na sandarusi, na kutuletea kitambaa cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya kwao. Kitambaa hicho tulikiita marikani, na bibi zetu walikifahamu kwa jina hilo bila kujua Salem iko wapi. Picha ya Ahmad imetundikwa katika mji wa wateja wake. Ukilijua hilo, utulivu wa uso wake unaanza kuwa na maana: ni uso wa mtu aliyekuja kupatana bei kati ya watu wanaojuana.

Kisha aisome orodha ya shehena, na hapa ndipo panapotaka moyo mpana. Karafuu za Unguja na Pemba za miaka ile zililimwa na kuchumwa kwa mikono ya watumwa. Pembe zilishushwa pwani mabegani mwa wapagazi, wengine wao wasiokuwa huru. Watu hao hawamo katika picha ya Mooney, wala mabaharia waliokivusha chombo bahari mbili hawamo. Hatusemi haya ili tuishushe sura ya Ahmad bin Naaman ukutani. Tunasema kwa sababu picha ya Ayub imetufundisha kuuliza. Mbele ya sura ya Ayub, watu wetu huguswa sana na mateso ya Mwislamu aliyeuzwa. Ni haki waguswe. Lakini kisa chake chenyewe kinaanza na wale wawili aliotumwa kuwauza, na hao hawana picha, na majina yao hayakuandikwa. Mtazamaji mwenye insafu akitoka London na swali hilo, atafika nalo Salem. Mwanahistoria wa Kiswahili anayelikwepa swali hilo mbele ya shehena ya Sultana atawaachia wengine walijibu kwa niaba yake, na hawatalijibu kwa upole.

Tuongeze neno juu ya "wa kwanza" hapa pia. Ahmad hutajwa sana kuwa mjumbe wa kwanza wa Kiarabu kufika Marekani. Mjumbe wa Tunis, Suleiman Mellimelli, alifika Washington mwaka 1805, wakati wa Rais Jefferson. Sifa ya Ahmad haipungui hata chembe. Alivuka kutoka bandari zetu na shehena yetu, katika chombo cha Sayyid, na akarudi salama. Mtu huyu hahitaji kupewa nafasi isiyokuwa yake.

Na sanaa yetu wenyewe?

Msomaji atauliza: zote hizi ni kazi za brashi za Wazungu, sisi tulikuwa na nini? Swali ni la haki, na jibu lake linaanza na ule msimamo wa Ayub. Nyumba za pwani yetu hazikuwa na desturi ya kutundika sura za watu. Mkono wa fundi ulikwenda kwenye mlango, kwenye zidaka za ukutani, kwenye misahafu iliyopambwa. Mwenye nyumba aliyetaka akumbukwe hakuweka uso wake. Aliweza kuandikisha juu ya mlango aya, jina na mwaka. Mlango wa namna hiyo ni taswira ya mtu, ila haina pua wala macho. Nao unajibu maswali yale yale: nani aliyeuagiza, fundi alitoka wapi, nakshi hii ni ya Lamu au ya Kihindi, na mbao zilifikaje.

Kwa muda mrefu vitabu vya tarehe ya sanaa viliiacha milango hiyo katika mlango wa kazi za mikono. Hali inabadilika. Maonyesho yaliyoitwa World on the Horizon, yaliyotayarishwa na Prita Meier na Allyson Purpura, yalizunguka Illinois, Washington na Los Angeles kati ya 2017 na 2019, na sanaa ya Waswahili iliwekwa humo kama sanaa, pamoja na mawasiliano yake ya Bahari ya Hindi. Kitabu cha maonyesho hayo kinafaa kuwamo katika nyumba zetu. Na kabla yake Meier alikuwa ameandika Swahili Port Cities, kilichotoka 2016, juu ya miji yetu na namna mawe, vitu na picha vilivyotumiwa kuonesha ukubwa wa mtu. Hatukubaliani naye katika kila jambo, lakini anatazama, na kutazama ndiko kulikokosekana.

Namna ya kwenda

Tunashauri hivi kwa familia. Msiende makumbusho kuona kila kitu. Nendeni kuona picha moja au mbili. Simameni mbele yake dakika kumi kabla ya kusoma kibandiko, na kila mmoja, mkubwa kwa mdogo, ataje kitu alichokiona. Watoto huona mengi kutuzidi: mtoto ndiye atakayeuliza kile kitabu shingoni mwa Ayub kimefungwa na nini. Kisha ndiyo someni kibandiko, na ulizeni kimeacha nini. Mkirudi nyumbani, fungueni kitabu. Ukianza na kitabu utaona ulichoambiwa uone. Ukiishia na picha bila kitabu utabaki na uso usiokuwa na kauli.

Mazoezi hayo yana kazi nyingine iliyo karibu zaidi. Tangu nusu ya pili ya karne ya 19 Unguja ilikuwa na wapiga picha, wengi wao Wagoa, kama A. C. Gomes, na sura tulizokuwa hatuzitundiki zikaanza kuingia majumbani kwa njia ya kamera. Wako waliotoka baada ya 1964 na sanduku moja, na ndani yake bahasha ya picha hizo. Sasa zimo katika makabati ya Muscat, Leicester na Toronto. Mzee amekaa katikati, wanawe wamesimama, na pembeni yuko mtu wa nne au wa tano, yaya labda, au mpishi, au kijana wa dukani, ambaye hakuna aliyeandika jina lake nyuma. Ihojini picha hiyo kama mlivyoihoji ya Mooney: nani alilipia, kwa nini siku ile, nani amesimama pembeni. Yupo katika kila ukoo bibi mmoja anayejua jawabu. Mpelekeeni picha wiki hii, pamoja na kalamu ya risasi isiyoharibu karatasi, na muandike nyuma majina yote, likiwamo la yule wa pembeni.